Vibanda vya Chakula vya Japani: Tule, Lakini Tuulize Kwanza





Safari hii tunataka kuzungumzia jambo ambalo kwa wazee wetu lisingekuwa na maana yoyote, lakini kwa familia zetu za leo lina maana kubwa. Nalo ni hili: Muislamu aliyefika Japani pamoja na watoto wake, akapita mbele ya vibanda vya chakula vya barabarani, afanye nini? Ale? Aache? Au awafunike watoto pua na kukimbia?

Japani si nchi ya kusikia tu siku hizi. Wapo vijana wetu wanaosoma huko kwa ufadhili, na wapo wafanyabiashara wanaofuata magari yaliyotumika, hayo hayo yanayojaa katika barabara za Kampala. Wapo pia waliojaaliwa uwezo wakaamua kutembea na familia. Mwaka 2024 peke yake Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36 kutoka duniani kote, na ndani yao walikuwemo Waislamu wengi. Kila anayerudi huulizwa swali lile lile na jamaa zake: "Ulikuwa unakula nini huko?"

Majibu tunayoyasikia ni ya makundi mawili. Kundi la kwanza husema kila kitu cha kule ni haramu, wakajifungia chumbani siku kumi wakila biskuti na tambi walizobeba katika mabegi. Kundi la pili husema sisi ni wasafiri, safari ina dharura zake, basi tunapiga Bismillahi na kula kinachokuja. Rai yetu ni kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kwamba anayeumia zaidi ni mtoto. Mtoto wa kundi la kwanza hujifunza kuwa dini yake ni ukuta. Mtoto wa kundi la pili hujifunza kuwa dini yake huvuliwa uwanja wa ndege pamoja na viatu. Baina ya hao ipo njia ya katikati, nayo ni kujua, kuuliza, kisha kula kwa furaha kile kilicho halali. Hiyo ndiyo tunayotaka kuitetea hapa, inshaAllah.

KWANZA TUVIJUE VIBANDA VYENYEWE

Wajapani wanakiita kibanda cha chakula yatai. Asili yake ni ya zamani sana. Sushi tunayoiona leo katika mahoteli ya bei ya juu ilianza kupendwa katika vibanda vya mji wa Edo, ambao ndio Tokyo ya leo, katika karne ya 19. Kadhalika tempura, yaani samaki na mboga zilizochovywa katika uji wa unga na kukaangwa, ilikuwa chakula cha vibandani, kwa kuwa nyumba zilikuwa za mbao na watu waliogopa moto wa mafuta. Hata jina tempura huhesabiwa kuwa limetokana na lugha ya Wareno, waliofika Japani mwaka 1543. Ni Wareno hao hao waliofika pwani yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1498 na kutuachia maneno kama meza na leso. Dunia ni ndogo kuliko tunavyodhani.

Leo mgeni atavikuta vibanda kwa namna tatu, na ni muhimu kuzitofautisha.

Namna ya kwanza ni vibanda vya usiku vya kudumu. Mashuhuri kabisa ni vya mji wa Fukuoka, katika maeneo ya Nakasu, Tenjin na Nagahama. Vilishamiri baada ya Vita Kuu ya Pili kumalizika mwaka 1945, wakati watu wengi hawakuwa na kazi. Katika miaka ya 1960 vilipindukia 400, kisha vikapungua mwaka hadi mwaka hadi kufikia kiasi cha 100. Mwaka 2013 baraza la mji likavitungia sheria yake maalumu, na baadaye wamiliki wapya wakaanza kupatikana kwa kutuma maombi na kuchaguliwa. Kibanda kimoja huwa na viti vichache tu vilivyozunguka jiko.

Namna ya pili ni vibanda vya sherehe, ambazo Wajapani huziita matsuri, na vya usiku wa fataki wakati wa kiangazi. Hivi husimamishwa kwa siku moja au chache, safu ndefu pande zote mbili za njia, na ndivyo watoto wanavyovipenda zaidi.

Namna ya tatu ni maduka madogo ya sokoni yanayouza chakula cha mkononi, kama katika soko la Nishiki mjini Kyoto, soko la Kuromon mjini Osaka, na soko la nje la Tsukiji mjini Tokyo. Kumbukeni kuwa mnada wa samaki wa Tsukiji ulihamia Toyosu mwaka 2018, lakini maduka ya nje yamebaki pale pale na yanafanya kazi hadi leo.

PALIPO NA TATIZO

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mtu anaweza kusema, kwani nguruwe si anajulikana? Nikimwona nitamwacha. La, ndugu zetu, huko tatizo si lile pande la nyama unaloliona kwenye kijiti. Tatizo ni lile usiloliona.

Chukueni mfano wa vibanda vya Fukuoka. Chakula kinachosifiwa hapo ni ramen ya tonkotsu. Hizo ni tambi katika supu nyeupe nzito, na supu hiyo ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Hata wakikutolea nyama yote juu, supu yenyewe ni nguruwe. Tena hapo hapo juu ya meza hiyo hiyo watu wanamiminiana pombe, na sisi tumekatazwa kukaa kwenye meza inayozungushiwa pombe. Kwa hiyo rai yetu kuhusu vibanda vya Fukuoka ni fupi: piteni, muangalie taa zake zinavyong'aa kando ya mto, muwasalimie watu, kisha mwende zenu.

Mfano wa pili ni okonomiyaki, chapati nene ya kabichi na mayai inayopikwa juu ya bamba la chuma. Mara nyingi hutandazwa vipande vyembamba vya nguruwe juu yake. Yakisoba, yaani tambi za kukaanga, nazo mara nyingi huwa na nguruwe. Ukiomba utengenezewe isiyokuwa na nyama, muuzaji anaweza kukubali kwa roho safi kabisa, lakini bamba ni lile lile, mwiko ni ule ule, na mafuta yaliyobaki ni yale yale.

Halafu kuna pombe ya jikoni. Wajapani hutumia sana mirin, kiungo kitamu cha maji maji chenye rangi ya dhahabu. Mirin ya asili ina kiasi cha asilimia 14 ya pombe, na huingia katika michuzi mingi ya kupakia vitu vya kuchoma. Sake, pombe ya mchele, hunyunyizwa juu ya samaki na kombe ili kuondoa shombo. Muuzaji hakufichi. Kwake yeye hicho ni kiungo kama siki ilivyo kwetu, wala hafikirii kuwa amekupa pombe.

Ama sosi ya soya, hiyo hupatikana kwa kuchachusha maharage ya soya na ngano, na katika kuchachuka hujitokeza pombe kidogo yenyewe. Wapo wanavyuoni waliotofautisha baina ya kile kinachojitokeza chenyewe na hakileweshi, na kile kilichomiminwa makusudi. Mwenye wasiwasi amuulize sheikh wake kabla ya safari, sio akiwa mbele ya jiko na watu ishirini nyuma yake wanangoja.

Nyama ya ng'ombe na ya kuku nazo tusizisahau. Mishikaki ya kuku, yakitori, iko kila mahali, na ng'ombe wa Japani ana sifa dunia nzima. Wapo Waislamu waliozoea Ulaya, ambako kuna mjadala kuhusu nyama iliyochinjwa na Ahlul Kitaab. Mjadala huo hauna nafasi Japani, kwa sababu wengi wa watu wake ni wafuasi wa Shinto na Ubudha au hawana dini maalumu. Nyama ambayo haikuthibitishwa kuwa imechinjwa kisheria iachwe tu. Wallahi hatutakufa kwa kuacha mishikaki.

PWEZA NA KHITILAFU ZETU

Hapa tunaomba uvumilivu wa wasomaji wetu, maana tuko mchanganyiko. Chakula cha kibandani kinachopendwa sana na wageni ni takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, vinavyogeuzwa kwa sindano katika bamba lenye vishimo. Vilianza Osaka katika miaka ya 1930. Huuzwa sita au nane katika kisahani, na juu yake humiminwa sosi nzito na kunyunyizwa vipande vyembamba vya samaki mkavu vinavyochezacheza kwa mvuke kama vina uhai. Mtoto akiviona hivyo, basi tena!

Je, pweza ni halali? Kwa mashafii, ambao ndio wengi katika Waswahili wetu, viumbe vya baharini kwa jumla ni halali, kwa dalili ya aya ya 96 ya Suratul Maida, na ndiyo maana mtu wa pwani amekula pweza na ngisi tangu utotoni bila kuuliza. Kwa mahanafi, ambao ni wengi katika ndugu zetu wenye asili ya Bara Hindi, kinacholiwa cha baharini ni samaki tu, na pweza si samaki. Na kwa ndugu zetu mashia ithnaashari, samaki awe na magamba. Basi familia mbili za Kiislamu zinaweza kusimama mbele ya kibanda kimoja, moja ikala na nyingine isile, na zote mbili zikawa zimeshika dini yao. Wafundisheni watoto hili mapema, ili mtoto wako asije akamwambia mwenzake wewe unakula haramu, au wewe umezidisha.

Hata kwa anayemla pweza, takoyaki bado ina maswali. Ule unga umechanganywa na mchuzi wa samaki na mwani, huo hauna neno. Lakini bamba limepakwa mafuta gani? Sosi ina dondoo la nyama? Vile vipande vya unga wa kukaanga vilivyotiwa ndani vimekaangwa kwa mafuta gani? Wengine hutumia mafuta ya mimea, wengine mafuta ya nguruwe. Hakuna njia nyingine ila kuuliza.

YANAYOLIWA KWA RAHA

Tusiwatishe watu tukawaacha hapo. Japani ina vitu vingi vya vibandani ambavyo Muislamu anaweza kuvila, na vingine ni kama vya nyumbani kabisa.

Kipo kiazi kitamu cha kuokwa juu ya mawe ya moto, wanakiita yakiimo. Hakina chochote ila kiazi chenyewe. Wakati wa baridi huuzwa katika gari dogo linalopita mitaani likipiga wimbo wake, na ukikivunja ndani ni njano na kitamu kama asali. Lipo hindi la kuchoma, kama lile la barabarani kwetu, ila wao badala ya ndimu na pilipili hulipaka sosi ya soya. Ukiwa na shaka na sosi, omba lisipakwe. Kipo kiazi cha mvuke na siagi. Kuna njugu za miti, yaani chesnati, zinazochomwa mbele yako. Kuna barafu iliyosagwa laini na kumiminwa sharubati ya matunda, kakigori, ambayo katika joto la mwezi wa nane ni rehema. Kuna matunda yaliyotungwa kwenye kijiti, na tufaha lililovikwa sukari.

Ipo pia taiyaki, mkate wenye umbo la samaki ambao ndani yake hamna samaki hata kidogo, bali maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Wanaokula maharage ya sukari au mbaazi tamu hawataishangaa. Hapo ulizeni tu mafuta ya kupakia kibati. Na katika mtaa wa soko wa Ameyoko, karibu na Ueno mjini Tokyo, wapo wauzaji wa kebabu, na baadhi yao ni Waislamu walioandika halali mbele ya vibanda vyao. Nao pia waulizwe kwa adabu nyama yao inatoka wapi. Muislamu wa kweli hachukii swali hilo.

Kijana mmoja wa jamaa zetu anayesoma huko alitueleza kuwa miezi yake ya kwanza alikula wali na mayai tu. Wenzake wa darasani walipomwita kwenda usiku wa fataki alikataa, akabaki chumbani, na mwishowe wakaacha kumwita. Mwaka wa pili Muislamu mmoja mtu mzima aliyemkuta msikitini alifuatana naye hadi kwenye vibanda, akamwonyesha hiki na hiki, na akamfundisha maneno matatu ya kuuliza. Tangu hapo huenda na wenzake kila mwaka, wao wanakula chao na yeye anakula chake, na wenzake sasa ndio wanaomwulizia wauzaji. Alituambia, "Vitu vya kula vilikuwepo siku zote, mimi tu sikuwa nimeuliza."

Hilo ndilo linalotusukuma kuandika. Kijana aliye peke yake ugenini, asiye na rafiki wala pa kwenda, yuko katika hatari kubwa kuliko ile ya sosi. Upweke umewatoa vijana wengi katika dini kuliko njaa.

JINSI YA KUULIZA

Kuuliza ni nusu ya elimu. Jifunzeni na watoto wenu maneno haya kabla ya safari, mtaona wao wanayashika upesi kuliko nyinyi.

Anza na "sumimasen", yaani samahani. Kisha "buta haitte imasu ka?", yaani kuna nguruwe ndani? Ongeza "rādo", ambayo ni mafuta ya nguruwe, na "osake" na "mirin". Msiishie kuuliza nyama ya nguruwe peke yake, kwa sababu muuzaji anaweza kujibu hakuna akiwa anafikiria vipande vya nyama, na wala hakukumbuka mafuta au supu. Kwa maandishi, fahamuni herufi mbili tu: 豚 ni nguruwe, na 酒 ni pombe. Mtoto wa miaka minane anaweza kuzitambua katika ubao, na kwake itakuwa kama mchezo. Simu za siku hizi pia husoma maandishi kwa kamera na kuyatafsiri, ingawa hukosea mara nyingine, basi ziwe msaada tu.

Akikujibu kwa uhakika, Alhamdulillah. Akisita, akakuna kichwa, akamwita mwenzake na wote wawili wasijue, basi hapo sema asante, inamisha kichwa kidogo kama desturi yao, uende zako. Tumefundishwa kuwa halali iko wazi na haramu iko wazi, na baina yake yamo yenye shaka, na mwenye kujiepusha nayo ameisalimisha dini yake. Lakini kujiepusha hakuhitaji kukunja uso. Yule mzee wa kibandani hana kosa. Yeye ana jiko dogo, foleni ndefu na kazi ya kupata riziki. Si haki kumgombeza kwa nini hana cheti cha halali, wala kumpiga maswali kumi wakati wateja wamejaa. Nendeni mapema kabla ya msongamano, mtapata jibu zuri zaidi.

Na kwa wale wa "safari ina dharura", tunawakumbusha kwa upendo. Allah amempa msafiri ruhusa zake: kufupisha Swala, kuchanganya, kufungua Swaumu akailipa baadaye. Dharura ya kula kilichokatazwa imetajwa katika aya ya 173 ya Suratul Baqara pamoja na mipaka yake, nayo ni ya mtu anayehofia nafsi yake. Aliyesimama Osaka, mji uliojaa maduka ya matunda, samaki, mayai na wali, hana dharura. Ana hamu tu. Hamu si dhambi, lakini haihalalishi kitu.

VIBANDA VYA MAHEKALUNI

Wazazi kadhaa wametuuliza kuhusu hili, nalo ni swali zuri. Matsuri nyingi asili yake ni ibada za Shinto au za Kibudha, na vibanda vyake husimama njiani kuelekea hekaluni au ndani ya uwanja wake. Je, inafaa kwenda?

Sisi si mamufti, na fatwa tunawaachia wenyewe. Tunachosema kama wazazi ni kuwa tusichanganye mambo mawili. Kununua kiazi au barafu kwa mchuuzi aliyeko barabarani ni biashara. Kupiga kengele ya hekalu, kutupa sarafu na kufunga mikono mbele ya madhabahu kwa ajili ya picha, au kula kilichotolewa kwa sanamu, ni ibada, na hapo hakuna mzaha hata kidogo. Mtoto aelezwe kabla ya kutoka hotelini. Na mwenye kuona moyo wake hautulii, basi zipo usiku za fataki kando ya mito, na yapo masoko, ambako chakula ni kile kile na hakuna hekalu.

TUNACHOPASWA KUJIFUNZA KWAO

Tungekuwa wachoyo tukizungumzia haramu tu, tusiseme mazuri tunayoyaona. Kwa hakika mengine tunayoyaona kule ni adabu tulizofundishwa sisi, nao wakazitenda.

Kwao si adabu kula huku unatembea katika msongamano. Katika soko la Nishiki wageni huombwa wale mbele ya duka waliponunua, na mji wa Kamakura uliweka sheria ndogo mwaka 2019 ya kuwaomba wageni wajizuie, ingawa haina adhabu. Je, si bibi zetu waliotukanya kula njiani? Simama pembeni, au ukipata pa kukaa kaa, piga Bismillahi, kula kwa mkono wa kulia, maliza, ndipo uendelee.

Mapipa ya taka ni machache sana barabarani, na mengi yaliondolewa baada ya shambulio la sumu katika treni za Tokyo mwaka 1995. Pamoja na hayo barabara ni safi. Taka mrudishie muuzaji aliyekuuzia, au tia katika mfuko wako hadi hotelini. Sisi ambao tumesoma tangu madrasa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, tutajibu nini?

Kuhusu usalama pia hawafanyi mchezo. Mwezi wa Agosti 2013, katika usiku wa fataki mjini Fukuchiyama, petroli ililipuka katika kibanda kimoja. Watu watatu walifariki na zaidi ya 50 waliungua. Mwaka uliofuata ikawa lazima kwa vibanda vya sherehe vinavyotumia moto kuwa na kizimamoto. Hawakuvifuta vibanda wala hawakuwapiga wachuuzi virungu. Waliweka kanuni, na vibanda vikaendelea. Miji yetu ingeweza kujifunza hapo.

Mwisho, msifanye israfu. Nunueni kisahani kimoja mgawane, kisha muone kama mnahitaji kingine. Bei imeandikwa, hakuna kupatana, na hakuna bakshishi. Wekeni sarafu za yeni tayari, kwani vibanda vingi vidogo hupenda fedha taslimu.

RAI YETU

Basi, enyi wazazi wenzetu, tunasema waziwazi: msiwanyime watoto furaha iliyo halali, na msiwanunulie furaha iliyo haramu. Kabla ya safari, kaeni nao jioni moja. Waandikieni maneno ya kuuliza katika karatasi, kila mtoto na yake. Tafuteni msikiti ulio karibu na mtakapofikia. Kobe upo tangu 1935, na Tokyo upo ule mkubwa uliojengwa upya na kufunguliwa mwaka 2000, mbali na mingine midogo mingi katika miji mbalimbali. Waislamu wanaoishi hapo wanajua kibanda gani kinatumia mafuta gani kuliko kitabu chochote cha watalii.

Kisha muacheni mtoto mwenyewe aende mbele, aseme "sumimasen", aulize. Akijibiwa kuna nguruwe, aseme asante na kurudi bila kununua. Siku hiyo atakuwa amefanya jambo kubwa kuliko kula, kwa sababu atakuwa ameichagua dini yake mwenyewe, mbele ya watu, kwa lugha ya kigeni, bila nyinyi kumshika mkono. Mtoto aliyezoea hivyo akiwa na miaka kumi, hamtakuwa na wasiwasi naye akiwa na miaka ishirini katika chuo cha mbali.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaokula vilivyo halali na vizuri, awahifadhi vijana wetu walio ugenini, na awarejeshe wasafiri wetu salama kwa watu wao. Aamiyn.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.